Kipande kimoja au vipande saba: kuchagua kompyuta ya mezani Mombasa

Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri bapa kama kifungo cha koti. Ni CR2032, ya volti 3, na kazi yake ni kushika saa na mipangilio ya mwanzo wakati mashine haina stima. Ikiisha, kompyuta huamka kila asubuhi ikidhani ni mwaka mwingine, na kivinjari hukataa kufungua iTax, eCitizen na benki kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo havilingani na tarehe iliyopo. Betri hii huisha mapema zaidi kwa anayezima swichi ya ukutani kila jioni, na Mombasa tunaozima ni wengi, kwa kuhofia stima ya usiku. Kwenye kompyuta uliyoijenga mwenyewe unafungua skrubu mbili, unaichomoa kwa ukucha, unatia nyingine. Dakika tano zimetosha. Kwenye kompyuta nyingi za kipande kimoja, zile wauzaji wanazoziita oli-in-wani, fundi huilaza skrini kifudifudi na kubandua mgongo wake kwa kadi ya plastiki, na kwa modeli nyingine hulazimika kung'oa kioo chenyewe ndipo aifikie. Betri ni ile ile, bei ni ile ile. Kilichoongezeka ni kazi, na hatari ya kupasua kioo.

Anayetaka kununua huanza na kasi na bei. Hayo yana umuhimu wake, lakini kasi inatosha karibu kila mahali siku hizi na bei hubadilika kila mwezi. Swali linalodumu ni hili: sehemu gani itakufa kwanza, na ikifa itaondoka na nini? Skrini iliyotunzwa yaweza kutumika miaka kumi. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, ni nadra kufa. Zinazokufa ni feni, pawa saplai inayogawa stima ndani, chaja, SSD (hifadhi ya mafaili) ya bei ya chini, na kila mguso wa chuma uliokaa wazi kwenye hewa ya bahari. Anayejenga huziacha sehemu hizo mbali mbali, kila moja na umri wake. Anayenunua kipande kimoja huzifunga pamoja ziishi na kufa kwa ahadi moja.

Kilichomo ndani ya kipande kimoja

Ifungue na utakuta laptopu iliyosimamishwa wima, bila betri kubwa. Madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, ni ya umbo la modeli hiyo peke yake. Ya kampuni nyingine haiingii, na mara nyingi hata ya modeli iliyofuata ya kampuni hiyo hiyo haiingii. RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea, ni vile vijiti vifupi vya laptopu viitwavyo SODIMM, au imelehemiwa kwenye bodi moja kwa moja. Feni ni moja, nyembamba. Stima huingia kupitia chaja ya nje, kwa kawaida ya wati 65 hadi 120, volti 19 hivi.

Prosesa nayo huwa ya laptopu, na hapa ndipo jina linapompoteza mnunuzi. Kibandiko kinasema Core i5 ya kizazi cha 13, basi. Soma namba yote mpaka herufi ya mwisho. i5-1335U ni chipu ya laptopu: wati 15 za msingi, viini (vitengo vyake vya kazi) vikubwa 2 na vidogo 8. i5-13400 ni ya mezani: wati 65, viini vikubwa 6 na vidogo 4. Zote mbili zina viini 10 na zote ni i5 ya kizazi cha 13, lakini hazibebi mzigo mmoja. Kwa barua, hesabu za duka na kurasa kumi za kivinjari hutaona tofauti yoyote. Ukiwa mpiga picha unayetoa video ya harusi ya 4K, utaiona kila unapobonyeza kutoa faili. Mashine za bei ya chini kabisa hubeba N100 au Celeron. N100 ina viini vidogo 4 na wati 6, nayo inafaa kaunta ya kutoa risiti. Kwa ofisi inayotaka kuitumia miaka saba, hatuipendekezi.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha nenda Performance, halafu Memory. Mstari wa Form factor ukiandika SODIMM, RAM yaweza kuongezwa au kubadilishwa. Tazama pia nafasi ngapi zimejaa. Ukiandika Row of chips, imelehemiwa, na GB 8 ulizonunua ndizo utakazozikwa nazo. Windows 11 huwaka hata kwa GB 4, lakini kufanya kazi nayo kunataka 8, na 16 ndizo zinazoacha nafasi ya kupumua.

Ndoa ya skrini na mashine ndiyo ghali zaidi. Madabodi ikiungua, mkononi umebaki na kioo kizima cha inchi 24 kisicho na pa kuingizia picha. Kuna modeli zenye tundu la HDMI la kupokea, si la kutoa tu, na hizo skrini yake huweza kuendelea kutumika na kompyuta nyingine hata mashine yake ikiwa imekufa. Matundu hayo mawili yanafanana kabisa kwa umbo. Tazama alama pembeni yake: kishale cha kuingia au neno IN. Usipoliona, chukulia kwamba halipo. Fundi mzoefu anaweza pia kukitoa kioo, kusoma namba ya modeli iliyobandikwa nyuma yake, na kuagiza bodi ndogo ya kukiendesha inayolingana na namba hiyo hasa. Bodi isiyolingana hutoa picha yenye rangi zilizogeuka, au haitoi kitu.

Hali hiyo kwa iMac ya Apple ni kali zaidi. Ile ya inchi 24 iliyotoka 2021 na chipu ya M1, na zilizofuata za M3 ya 2023 na M4 ya 2024, zina RAM iliyo pamoja na chipu na hifadhi iliyolehemiwa. Unachochagua dukani siku ya kwanza ndicho kitakachobaki. Tena haipokei waya wa HDMI kama skrini ya kawaida. Ni mashine nzuri, tulivu, yenye kioo ambacho wachoraji wanakipenda kwa haki. Ila mnunuzi aijue kuwa ni kitu kisichoongezwa.

Pamoja na hayo yote, kipande kimoja kina sifa ambazo wajenzi huzipuuza, na ya kwanza ni stima. Mashine ya namna hii pamoja na skrini yake hutumia wati 40 hadi 60 kwa kazi za kawaida. UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika mashine stima ikipotea, ikiwa ndogo ya VA 650 huwa na betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84 kwa hesabu ya karatasi. Ikitolewa haraka, na baada ya hasara za kuigeuza kuwa volti 240, hupati hata nusu. Kwa wati 50 unapata karibu nusu saa betri ikiwa mpya. Kwa kompyuta ya kujengwa yenye skrini, wati 120 pamoja, unapata kama dakika kumi. Kwenye mtaa ambao stima hupotea na kurudi mara tatu kwa wiki, nusu saa hiyo ndiyo inayomaliza kuandika ankara ya mteja. Ongeza kwamba waya wa stima ni mmoja, kamera, maikrofoni na spika zimo ndani, na mhudumu aweza kuibeba mwenyewe akihamishwa meza. Kwa kaunta ya mapokezi ya hoteli, kliniki, au wakala wa tiketi, hili ni chaguo zuri na tunalisema bila kusita.

Pwani inavyokula kompyuta

Ushauri mwingi kuhusu kompyuta umeandikwa kwa ajili ya vyumba baridi na vikavu. Chumvi ya bahari husafiri na upepo, hutua juu ya bodi, huvuta unyevu, na kuwa tabaka jembamba linalopitisha stima kidogo kidogo huku likila chuma. Vinavyoanza kuonyesha ni skrubu za nyuma na kingo za matundu ya USB. Baadaye ni miguso ya RAM: unawasha, feni zinazunguka, skrini giza, au mashine inatoa milio. Wengi hapo huambiwa madabodi imekufa. Kwanza zima, chomoa waya, toa RAM, pangusa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowekwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke, irudishe. Mafundi wengi hutumia kifutio cha penseli. Kinafanya kazi, lakini hukwangua dhahabu ambayo tayari ni nyembamba na huacha makombo ndani ya nafasi. Kiwe cha dharura tu.

Kompyuta inayowashwa kila siku hujikausha kwa joto lake. Iliyofungiwa chumbani masika yote huharibika zaidi kuliko iliyofanya kazi. Anayesafiri miezi mitatu na amwachie mtu funguo, aiwashe saa moja kila wiki.

Joto ni jambo la kujumlisha. Chipu inayopanda nyuzi 50 juu ya hewa ya chumba itafika 72 kwenye chumba cha nyuzi 22, na 82 kwenye chumba cha nyuzi 32, ambazo wakati wa kaskazi ni jambo la kila mchana. Chipu nyingi za laptopu za Intel hujipunguza kasi zikifika nyuzi 100, na feni moja nyembamba iliyozibwa na vumbi hufika huko upesi. Dalili yake ni kwamba asubuhi kompyuta ni nyepesi na alasiri ni nzito, na wenye nayo hudhani ni virusi. Pangaboi haisaidii mashine yenyewe, kwa sababu husukuma hewa ile ile ya joto pamoja na vumbi lake. Kinachosaidia ni kuacha sentimita 15 nyuma ya mashine, kutoiegemeza mgongo kwenye dirisha la jua la jioni, na kupuliza vumbi kila miezi mitatu. Wakati wa kupuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana feni inayozungushwa na upepo mkali huumiza beringi zake.

Halafu kuna mjusi kafiri. Hupenda joto, na nyuma ya kesi nyingi za kujenga kuna vibati vya nafasi za kadi ambavyo mtu alivivunja na hakuvirudisha. Akipita hapo na kugusa sehemu mbili za stima kwa wakati mmoja, anakufa yeye na madabodi pamoja naye. Rudisha kila kibati, na uchague kesi yenye wavu mbele. Hapa kipande kimoja kina nafuu, kwani matundu yake ni membamba mno kwa mjusi mkubwa. Kwa sisimizi hakuna anayepona.

Stima yetu ni volti 240 kwa karatasi. Hatari yake kubwa haiko wakati wa kupotea bali wakati wa kurudi, friji na pampu zote za mtaa zinapoamka kwa pamoja. Gadi ya stima ya aina inayowekwa kwenye friji, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima kupita, inafaa hata hapa, ikiwekwa kati ya ukuta na UPS. Ekstensheni yenye taa nyekundu si kinga ya aina yoyote.

Jambo moja wenye nyumba za zamani walijue vizuri. Ukigusa kesi ya chuma kwa mguu mtupu ukasikia mchomo mwepesi, chanzo chake mara nyingi ni kichujio ndani ya pawa saplai, ambacho kimeundwa kupeleka mkondo mdogo sana kwenye waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita athi. Athi ikikosekana ukutani, kesi huelea kwenye karibu nusu ya volti 240. Mkondo huo kwa kawaida ni mdogo mno kuua mtu, lakini unatosha kuharibu tundu la USB au HDMI unapochomeka kifaa kingine mashine ikiwa inawaka. Tena, bila athi, siku pawa saplai itakapovuja kweli hakuna kitakachokukinga. Mwite fundi wa stima apime soketi kabla hujanunua kompyuta ya aina yoyote.

Kujenga, na mahali panapoharibika

Vipande ni saba: prosesa na kipozi chake, madabodi, RAM, SSD, pawa saplai, kesi, skrini. Kadi ya grafiki ni ya nane, kwa wachezaji wa gemu na wahariri wa video tu. Wengine wote wanunue prosesa yenye grafiki ndani. Kwa Intel epuka herufi F mwishoni: i3-12100 inatoa picha, i3-12100F haitoi. Kwa AMD ya soketi AM4 (soketi hapa ni kikalio cha prosesa kwenye bodi), Ryzen 5 5600G inatoa picha, Ryzen 5 5600 haitoi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kompyuta mpya kuwaka ikabaki giza huku hakuna kilichoharibika.

Madabodi na prosesa lazima zishike soketi moja, na RAM iwe ya aina inayoandikwa kwenye madabodi, DDR4 au DDR5. Pengo la meno yake liko mahali tofauti, na mwenye kulazimisha huvunja. Kuna mtego mwingine usioonekana kwa macho. Bodi ya Intel aina ya H610 iliyokaa rafuni tangu 2022 yaweza isimtambue prosesa wa kizazi cha 13 au 14 mpaka programu yake ya msingi, BIOS, isasishwe. Mwambie muuzaji aisasishe mbele yako.

Tumia pesa kwenye pawa saplai. Zile nyepesi zinazokuja bure na kesi huandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, na hapo msemo wa rahisi ghali ndipo mahali pake. Geuza, soma jedwali, tafuta safu ya +12V, zidisha ampea kwa 12. Ampea 38 ni wati 456, hiyo ni pawa saplai ya kweli ya 500. Ampea 18 ni wati 216, na namba ya mbele haina maana. Kompyuta ya i3-12100 bila kadi ya grafiki haifiki wati 150 hata ikijituma, kwa hivyo wati 450 za kweli zinatosha na kubaki. Pawa saplai nzuri za kisasa zina tabia moja: hazipendi UPS ndogo iliyobanwa. Stima ikipotea, UPS inapiga mlio na kompyuta inazima hapo hapo. Chukua UPS ya VA 1000 au zaidi na tatizo kwa kawaida huondoka.

Kazi yenyewe huchukua saa mbili hadi tatu kwa mara ya kwanza. Fanya asubuhi. Jasho la mchana likidondoka kwenye soketi ni maji ya chumvi mahali pabaya kuliko pote, basi weka taulo shingoni na ufute mikono. Anza madabodi ikiwa juu ya boksi lake, nje ya kesi. Prosesa hukaa yenyewe bila kusukumwa, pembetatu yake ikilingana na ya soketi. Kwenye soketi za Intel vijipini viko kwenye bodi, na kimoja kikipinda duka litakataa kurudisha. Usiondoe kifuniko cha plastiki mpaka prosesa iwe mkononi. Kwenye bodi yenye nafasi nne, RAM mbili huingia nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, na husukumwa mpaka zilie. SSD ya M.2 huingia kwa mshazari, kisha hulazwa na kufungwa skrubu moja ndogo ambayo hupotea kila mara, kwa hiyo itengee kisahani. Kipozi kina utando wa plastiki chini yake wakati mwingine. Ukiachwa, prosesa hupanda joto ndani ya dakika moja. Grisi ya joto ni tone la ukubwa wa pojo, na kama kipozi kimekuja na yake usiongeze.

Kabla ya kuingiza kwenye kesi, hesabu vijiguu vya shaba vilivyo kwenye bati na ulinganishe na matundu ya bodi. Kijiguu kilichozidi hugusa njia za umeme nyuma ya bodi, na hiyo ni shoti. Bati la matundu ya nyuma huingia kwanza, bodi baadaye. Kila mjenzi mpya hulisahau na kufungua tena skrubu zote. Kisha nyaya mbili za stima: ya pini 24 upande, na ya pini 8 juu karibu na prosesa. Ya pili ndiyo husahaulika, na dalili yake ni feni kuzunguka bila picha. Viwaya vyembamba vya swichi na taa hufuata mchoro wa kitabu. Swichi haina upande, taa ina chanya na hasi.

Washa. Ikiwa ni DDR5, skrini yaweza kubaki giza dakika kadhaa mara ya kwanza, bodi ikipima RAM. Iache. Wengi huzima hapo, wakaanza kuvunja kilichokuwa salama. Ikishindwa kweli, baki na kijiti kimoja cha RAM, hakikisha waya wa skrini umeingia kwenye kadi ya grafiki kama ipo na si kwenye bodi, sukuma pini 8 tena. Matatizo mengi ya siku ya kwanza huishia hapo.

Njia inayosahauliwa

Wengi wanaotaka kipande kimoja wanachotaka hasa ni meza safi. Meza safi hupatikana kwa kompyuta ndogo ya lita moja iliyofungwa nyuma ya skrini ya kawaida. Skrini yenye matundu manne ya VESA, milimita 100 kwa 100, hupokea kibati, na kompyuta hujificha nyuma yake. Dell OptiPlex 3060 Micro, HP EliteDesk 800 G4 Mini na Lenovo ThinkCentre M720q Tiny ni za kundi hili, na hupatikana kati ya mitumba ya ofisi za Ulaya ambayo Kenya nzima huiita ex-UK. i5-8500T yao ina viini 6 na wati 35, nafasi za RAM ni mbili, na SSD hubadilishwa bila kugusa kioo. Stima yake kwa UPS hukaribia ile ya kipande kimoja. Kikifa kimoja, kingine kinaendelea kuishi. Kwa duka, shule au ofisi ya watu watano, tungeanza hapa kabla ya kufikiria kingine.

Masharti yake ni mawili. Kizazi kiwe cha 8 au zaidi. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haimkubali i5-6500 wala i5-7500, hata kama bei yao inavutia. Sharti la pili ni chaja. Dell hutambua chaja yake kupitia pini ya katikati, na ikiwekewa ya kuiga, prosesa hushushwa kasi. Kompyuta nzima inakuwa goigoi, na mwenye nayo anaishia kulaumu RAM.

Ex-UK za umbo la kati ni imara pia, lakini si msingi wa kujengea. Pawa saplai yao, mara nyingi ya wati 180 hadi 260, ina umbo na plagi za kampuni yenyewe, na kadi ya grafiki inayoingia ni fupi, isiyozidi wati 75 zinazotoka kwenye nafasi yake. Hata hivyo, tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, viwanda vikipeleka uwezo wao kwenye mitambo ya akili unde. Mtumba uliokuja na GB 16 ndani sasa una thamani kuliko ilivyokuwa, na anayejenga mwaka huu na aulizie bei ya RAM kwanza kabla ya kukadiria kitu kingine chochote.

Siku ya kununua

Vipande vingi hutoka Nairobi kwa basi la usiku, kilomita 480 hivi za matuta na breki. Kompyuta iliyokwisha kujengwa isafiri imelala ubavu, madabodi ikitazama juu, na kadi nzito ya grafiki ikiwa imetolewa na kufungwa peke yake. Kipande kimoja kisafiri kwenye boksi lake la asili, wima, kamwe kisilazwe kioo chini. Kikivuka Likoni kwa tuktuk, kishikwe mapajani. Hakikisha kabla ya kulipa kwamba kampuni ya mzigo inalipia kioo kilichopasuka. Nyingi huandika kwenye risiti kwamba hazilipi.

Dukani, iwe Nairobi au Digo Road, iwake dakika 30 mbele yako. Fungua picha nyeupe tupu kioo kizima utafute madoa, kisha nyeusi tupu utafute mwanga unaovuja pembeni. Ingiza flashi kwenye kila tundu la USB. Kwa mtumba, waombe wafungue CrystalDiskInfo: itakuonyesha afya ya SSD kwa asilimia na saa ilizofanya kazi, na SSD iliyo chini ya asilimia 80 ibadilishwe au ishushe bei. Zima, chomoa waya wa ukutani, hesabu mpaka 60, washa tena, utazame saa. Kama tarehe imerudi nyuma, wabadilishe CR2032 hapo hapo. Na kama ni kipande kimoja, kaa utazame fundi wao anavyokifungua.